Bwana Shabiki na Mbuzi wa Chicago

Katika mtaa wa Bwana Shabiki, ulio nyuma ya barabara kuu iendayo Jinja, hapana mchezo usiokwisha kutolewa hukumu. Jina lake la kuzaliwa limesahauliwa hata na wale waliokula pilau ya siku ile alipopewa. Kila jioni, kazi zikiisha, huketi juu ya benchi la fundi wa baiskeli, redio ndogo sikioni, na hapo huamua ni nani aliyestahili kushinda, ni refa gani aliyefumba macho kwa makusudi, na ni kocha gani arudi shamba akapalilie mihogo.

Mpira wa miguu ndio penzi lake la kwanza, lakini ni penzi lililomtesa. Yeye ni wa kizazi kilichoizunguka redio mwaka 1978, Uganda ilipofungwa 2 kwa 0 na Ghana katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kule Accra, kisha kikangoja miaka 39 mpaka timu ya taifa iliporudi katika mashindano hayo mwaka 2017. Mtu aliyengoja hivyo huhitaji kitulizo, naye Bwana Shabiki hukipata katika kuichambua michezo ya watu wengine, ambayo haimwumizi moyo.

Gofu, asema, ni kutembea shambani kutwa bila ya jembe. Ngumi ni ugomvi wa watu wawili wasiodaiana kitu. Mpira wa miguu wa Kimarekani huchezwa kwa mikono, na mpira wenyewe una umbo la papai, kwa hiyo hakuna neno la kweli hata moja katika jina lake. Kriketi ya siku 5 ni mchezo wa watu waliokwisha kuvuna. Tena siku ya tano waweza kuambiwa kwamba hakuna aliyeshinda, nao waliocheza wakapeana mikono kama waliotoka kunywa chai, na kwa hakika chai huwa wamekunywa.

Hata hivyo kriketi aliisamehe kidogo mnamo Juni 2024, Uganda ilipocheza Kombe la Dunia la mizunguko 20 kwa mara ya kwanza. Siku timu ilipotolewa na West Indies kwa mikimbio 39 tu alizima redio. Lakini siku chache kabla ya hapo Uganda ilikuwa imeishinda Papua New Guinea, naye Frank Nsubuga, mtu wa miaka 43, alirusha mipira 24 akawapa wapinzani mikimbio 4 peke yake. Bwana Shabiki aliposikia ile 43 alijinyosha mgongo, akasema kwamba kumbe bado hajachelewa. Yeye ana miaka 62.

Mchezo mmoja hauchezewi mzaha. Likitajwa jina la John Akii-Bua, aliyeruka viunzi vya mita 400 kule Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, akapata medali ya dhahabu na rekodi ya dunia, tena akiwa katika njia ya kwanza ya ndani ambayo wakimbiaji huichukia, Bwana Shabiki huivua kofia yake. Fundi wa baiskeli naye huiweka spana chini. Jambo hilo huchukua muda wa pumzi mbili, kisha mizaha huendelea.

Nyumbani mambo ni mengine. Bibi Shabiki alicheza mpira wa pete ujanani, naye ndiye mtu wa pekee mtaani awezaye kumnyamazisha. Humkumbusha kwamba katika mpira wa pete mtu hana ruhusa ya kutembea na mpira, wala kuushika zaidi ya sekunde 3. "Wewe, Baba watoto," humwambia, "ungepulizwa firimbi kabla ya kumaliza salamu."

Likizo iliyopita alifika mgeni nyumbani hapo, mpwa wake Bwana Shabiki, kijana wa shule anayekaa Lugazi, mji wa miwa na kiwanda cha sukari. Katika mfuko wake mlikuwa na vitabu viwili, shati moja, na glavu moja kubwa ya ngozi iliyochakaa. Bibi Shabiki alidhani ni ya kushikia sufuria za moto. Kijana akaeleza kwa adabu kwamba ni ya kudakia mpira wa besiboli, na kwamba mjini kwao mchezo huo si wa ajabu: watoto wa Lugazi ndio waliokuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani, mwaka 2012. Mwaka mmoja kabla yao watoto wa Kampala walikuwa wameishinda nafasi hiyo hiyo uwanjani, wakaikosa kwa kunyimwa viza.

"Besiboli!" akasema Bwana Shabiki, akivuta kiti karibu, kama mlafi aliyesikia harufu ya chakula asichokijua. "Nieleze, mpwa wangu, nipate kuukataa kwa ujuzi."

Kijana akaeleza. Kuna mrushaji, kuna mpigaji mwenye gongo, na nyuma ya mpigaji amechutama mdakaji aliyefunikwa uso kwa kizuizi cha chuma. Kuna vituo vinne, na cha mwisho huitwa nyumbani. Mpigaji huanzia nyumbani, na akiupiga mpira vema hukimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka arudi nyumbani, hapo timu yake hupata pointi moja na watu husimama wakampigia makofi.

"Yaani mtu huondoka nyumbani, akazunguka kote, akarudi pale pale alipotoka, na akashangiliwa? Mimi hufanya hivyo kila Jumamosi, na sijapata kuona mkono ukipigwa."

"Wewe hukwama kituo cha pili," akasema Bibi Shabiki, bila ya kuinua macho kutoka katika ungo wa mchele.

Kijana akaendelea. Yuko tena na ruhusa mchezaji ya kuiba kituo, yaani kukimbilia kituo cha mbele wakati mrushaji hajatanabahi. Bingwa wa wizi huo alikuwa Rickey Henderson, aliyeiba vituo 130 katika mwaka mmoja wa 1982, na 1,406 katika maisha yake yote ya mchezo, na kwa ajili hiyo akaingizwa mwaka 2009 katika ukumbi wa heshima wa Cooperstown. Bwana Shabiki akasema kwamba katika nchi nyingi mtu aliyeiba mara 1,406 hupelekwa kituoni pia, ila si kituo cha namna hiyo.

Jambo lililomshinda kuamini ni hesabu ya wapigaji. Mpigaji anayefaulu mara 3 katika 10 huhesabiwa kuwa hodari na kulipwa fedha nyingi. Ted Williams wa Boston alifaulu mwaka 1941 kwa kiasi cha mara 406 katika kila 1,000, na jina lake lingali likitajwa kwa heshima. Hapo Bibi Shabiki aliuweka ungo chini. Akauliza kwamba, je, mke anayeunguza sufuria 7 katika 10 hujengewa sanamu, au hesabu hiyo ni ya wanaume wa Marekani tu? Hakujibiwa.

Wamarekani, tena, bingwa wao humwita bingwa wa dunia, ingawa timu zote 30 za ligi hiyo kuu ni za Marekani isipokuwa moja ya Toronto, Kanada. Bwana Shabiki alilifurahia sana jambo hili, akatangaza kwamba kombe la mtaa wao litaitwa tangu siku hiyo Kombe la Dunia, na mtaa wa pili utahesabiwa kuwa Kanada. Wale watoto wa Williamsport, kwa kweli, ndio wanaoialika dunia.

Kisha kuna suala la saa. Kwa zaidi ya miaka 100 besiboli haikuwa na saa yoyote. Mchezo ulikwisha ulipokwisha. Mwaka 2023 ndipo ligi kuu ilipoweka saa ya kumharakisha mrushaji. Kabla ya hapo, mwezi Aprili 1981, timu za Pawtucket na Rochester zilianza kucheza usiku wa Jumamosi, zikashindwa kutengana, zikacheza na kucheza mpaka saa 10 na dakika 7 za alfajiri ya Pasaka, vipindi 32 badala ya 9, huku watazamaji waliobakia ni 19 tu. Ilibidi mchezo uahirishwe, ukamalizwa tarehe 23 Juni kwa kipindi kimoja zaidi, Pawtucket wakashinda 3 kwa 2. Husimuliwa kwamba mchezaji mmoja alipofika kwake usiku ule mkewe alimzuia mlangoni, akitaka kujua ni mpira gani unaochezwa saa hizo.

"Mwanamke yule ana akili," akasema Bibi Shabiki.

"Mwanamume yule ana bahati," akajibu mumewe. "Yeye alikuwa na mashahidi 19."

Lakini hadithi iliyompendeza Bwana Shabiki kuliko zote, hata akaitoa nyumbani na kuipeleka benchini kesho yake, ni ile ya mbuzi. Mwaka 1945 timu ya Chicago Cubs ilifika katika fainali. Mwenye baa mmoja wa mji huo, William Sianis, alikwenda uwanjani pamoja na mbuzi wake, wakatolewa kwa sababu mbuzi alinuka. Yasemekana Sianis alikasirika akaapiza kwamba Cubs hawatashinda tena. Wakashindwa na Detroit mwaka ule, na hawakuiona fainali nyingine mpaka mwaka 2016. Hapo walishinda, baada ya kungoja ubingwa tangu 1908, yaani miaka 108.

Watu wa benchini walicheka mpaka wateja wa baiskeli wakasimama kusikiliza. Fundi akasema kwamba laana hiyo isingeweza kutokea Uganda, kwa kuwa mbuzi huyo asingefika langoni. Angeishia juu ya makaa, akatiwa chumvi, na mwenye baa na mabawabu wote wangemla kwa amani. Mwingine akasema kwamba Wazungu huwacheka Waafrika kwa kuzika vitu golini, kumbe wao huogopa harufu ya beberu kwa miaka 71. Jioni hiyo Bwana Shabiki alirudi nyumbani amelewa sifa, akamtaka mpwa wake ampe nyingine kama hiyo.

Kijana akamsimulia habari ya tarehe 14 Oktoba 2003. Cubs walikuwa kwao, wanaongoza 3 kwa 0 dhidi ya Florida Marlins, wamebakiwa na watu 5 tu wa kuwatoa ili waingie fainali. Mpira ukapigwa juu, ukaanguka karibu na ukingo wa jukwaa. Mchezaji wa Cubs, Moisés Alou, aliruka kuudaka. Watazamaji kadhaa nao wakanyosha mikono, kama watazamaji wote wanyoshavyo mpira ukiwajia, na mkono wa kijana mmoja, mpenzi wa Cubs tangu utotoni, ndio uliougusa. Alou aliukosa. Baada ya hapo timu ikasambaratika. Mchezaji mwingine akauangusha mpira rahisi ambao ungewaokoa, Marlins wakapata pointi 8 katika kipindi hicho kimoja, na kesho yake wakaimaliza kazi. Hakuna aliyemkumbuka yule aliyeuangusha mpira. Watu 40,000 walimgeukia yule kijana wa jukwaani, wakamtupia bia na matusi, mpaka walinzi wakamtoa amefunikwa koti kichwani. Mpira wenyewe ulinunuliwa mnadani kwa zaidi ya dola 100,000, ukalipuliwa kwa baruti hadharani mwezi Februari 2004.

"Wameulipua mpira!" Bwana Shabiki akapiga goti lake. "Na yule bwana je? Mimi ningekuwapo ningempa jina pale pale. Mkono Mrefu! Angelikufa nalo."

Bibi Shabiki alikuwa akikata vitunguu. "Hukosi kipaji hicho," akasema. "Mtaani hapa umekwisha kumpa mtu jina."

Hakusema kwa ukali. Akaongeza tu kwamba leo tena amenunua nyanya pale kibandani na hakupewa nyongeza, na kwamba hii ni wiki ya tatu.

Ni lazima msomaji aelezwe. Wiki tatu kabla ya hapo ilichezwa fainali ya kombe la vijana wa mtaa. Golikipa alikuwa mwana wa yule mama wa nyanya, mvulana mwembamba wa miaka 15 aliyeokoa mikwaju miwili mizito katika nusu fainali. Dakika za mwisho ukaja mpira dhaifu, wa kutambaa, akainama kuuokota, ukampita katikati ya miguu ukaingia. Uwanja ulikuwa kimya bado, watu hawajaamini, ndipo sauti ya Bwana Shabiki ilipopaa: "Mlango Wazi!" Watu wakaangua kicheko. Usemi wenyewe ulikuwa mzuri, ndiyo taabu yake. Jina baya hufa siku ile ile, bali jina zuri huota mizizi. Kufikia Jumatatu hata watoto wasiojua kutamka sawasawa walikuwa wakiimba "Mlango Wazi" mvulana akipita. Kufikia Jumatano alikuwa akienda shule kwa njia ya nyuma, ya mtaroni. Mazoezini hakuonekana tena. Na mama yake, ambaye kwa miaka minane alimwongezea Bibi Shabiki nyanya mbili juu ya fungu bila ya kuombwa, alianza kumpimia sawa na mgeni aliyeteremka kwenye basi.

Bwana Shabiki akasema kwamba mzaha ni mzaha. Akasema pia kwamba michezoni mtu hujitia mwenyewe mbele za watu. Hakuna aliyembishia, na huenda hilo ndilo lililomsumbua.

Mpwa wake, ambaye hakujua habari za kibandani, alidhani mjomba amechoka na Chicago, akahamia Boston. Huko, alisema, kulikuwa na mchezaji aitwaye Bill Buckner, si mtu mdogo, kwani mwaka 1980 alikuwa bingwa wa wapigaji wa ligi nzima ya National. Tarehe 25 Oktoba 1986, katika mchezo wa sita wa fainali dhidi ya New York Mets, akicheza na vifundo vya miguu vibovu, ulimjia mpira dhaifu wa kutambaa. Akainama. Ukapita katikati ya miguu yake, na Mets wakashinda.

Kisu cha Bibi Shabiki kilisimama.

Boston hawakuwa wamepata ubingwa tangu 1918. Kabla ya mpira ule walikuwa tayari wameipoteza nafasi yao ya kuongoza, kwa makosa ya wengine, na baada yake kulikuwa na mchezo wa saba ambao pia waliupoteza. Yote hayo yalisahauliwa. Buckner alicheza miaka mingine kadhaa, alitishiwa kuuawa, watoto wake wakasikia mizaha, na mwishowe akahamisha jamaa yake mpaka Idaho, mbali kabisa na Boston. Mwaka 2008, baada ya Boston kupata ubingwa mara mbili, walimwalika aurushe mpira wa kwanza wa ufunguzi. Watu walisimama wakampigia makofi kwa muda mrefu, naye akafuta machozi. Alifariki mwaka 2019.

"Miaka 22," akasema Bwana Shabiki, aliyekuwa amehesabu kwa vidole.

"Na yule wa Chicago?" Bibi Shabiki akauliza.

Kijana akasema kwamba yule aliomba radhi kwa maandishi siku ya pili yake, akajificha na kamera kwa miaka yote, akakataa fedha za kila aliyetaka kumhoji. Cubs waliposhinda, wenye timu walimpa mwaka 2017 pete ya ubingwa, sawa na zile walizopewa wachezaji.

Usiku ule redio haikufunguliwa. Benchini kesho yake Bwana Shabiki alikuwa mzito wa maneno hata fundi akamwuliza kama ana homa. Siku ya Ijumaa akamtuma mpwa wake kwa yule golikipa na ujumbe uliomshangaza kila aliyeusikia: kesho saa 10 jioni, katika uwanja ule ule, mzee atasimama golini, na kijana anaombwa ampigie mikwaju 10.

Mvulana alikuja kwa kujivuta, amekunja uso, kama aitwaye ofisini kwa mwalimu mkuu. Lakini alikuja. Mtaa mzima ulikuwapo, kwa kuwa habari ya namna hiyo haihitaji gazeti. Mama yake alisimama mbali, mikono kifuani. Bwana Shabiki alivaa suruali ya kazi iliyokunjwa magotini na ile glavu ya besiboli, ambayo ilimfaa katika mkono mmoja tu na haikumsaidia hata mara moja. Kabla ya kuingia golini alimwendea kijana akamwambia maneno yasiyozidi matatu au manne. Waliosimama kando hawakuyasikia. Kijana alitazama chini, kisha akaweka mpira mahali pake.

Mkwaju wa kwanza uliingia upande wa kulia, Bwana Shabiki akiwa bado anafikiri kushoto. Wa pili na wa tatu hakuviona. Wa nne kijana aliupiga polepole, makusudi au la, Mungu ajua; ukatambaa, mzee akainama kwa taratibu zote, mkono ukafika chini, na mpira ukampita katikati ya miguu.

Palikuwa kimya kama siku ile. Kisha fundi wa baiskeli, rafiki yake wa miaka 30, akanguruma kutoka nyuma ya umati: "Mlango Wazi!"

Bwana Shabiki alijinyosha, akageuka, akaivua kofia yake kama wakati wa kutajwa jina la Akii-Bua, akawainamia watu. "Ndimi," akasema. Watoto wakapiga mayowe ya furaha. Kijana alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa.

Ziliingia 9. Ule wa nane ulimpiga tumboni ukarudi, naye mpaka leo huueleza benchini kuwa aliuokoa kwa ufundi, akiongeza kwamba kufaulu mara 1 katika 10 si haba kwa mtu asiyekuwa Ted Williams. Jina lake jipya limeenea hadi kituo cha basi. Golikipa amerudi mazoezini, ingawa kwa siku kadhaa aliendelea kupita njia ya mtaroni, labda kwa mazoea.

Jumanne iliyofuata Bibi Shabiki alitoka kibandani akaweka kikapu mezani. Akazihesabu nyanya mbele ya mumewe, moja moja. Juu ya fungu lake ilikuwapo moja zaidi, ndogo, yenye ubichi upande mmoja.

"Moja?" akauliza Bwana Shabiki. "Zamani zilikuwa mbili."

Mkewe akaiosha, akaiweka dirishani ipate kuiva.